Rukia amefuta historia

Mishomoroni, Jumapili

Kila nililomwambia lilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniumiza.

Rukia, binti wa kaka yangu, alikuja na simu yake ili tuchague kozi ya chuo kikuu kabla ya muda kwisha. Historia ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nafasi za kazi ni haba mno, ilhali muuguzi huajiriwa hapa na ng'ambo.

"Lakini shangazi, mbona wewe ulisoma historia? Na tazama, wafundisha chuo!"

Hapo ikanilazimu kutamka nisilowahi kumwambia mtu wa nyumbani: kwamba miaka kumi na mmoja nafundisha kwa mkataba wa muhula, na kila muhula ukiisha sijui kama nitaitwa tena.

"Wallahi? Na zile safari za makongamano?"

"Zilikuwa mbili. Zote kwa nauli yangu."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaifuta historia, akaweka uuguzi, akanielekezea simu kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

"Sawa, shangazi?"

"Sawa, mwanangu."

Ningeweza kumwambia angoje hadi kesho, lakini kwa hoja ipi?

Muda wote niliozungumza nilikuwa nikisubiri anibishie. Hakubisha. Katika ukoo wetu mzima, ni yeye tu aliyewahi kuketi nami akaniuliza ninaandika nini, kisha akasubiri nimalize kujibu.