Leso za Susu Kalunde kwenye Waya wa Redio

Zombe, Jumatano, Machi 1989. Jua linachoma, mvua haijaonekana, na mimi nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Leo kamati ya zahanati imekaa ikaamua kwamba Susu Kalunde, nyanya wa watu, ndiye aliyemuua mjukuu wake. Kwa leso.

Wiki jana mke wa mwanawe alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Nesi wa zamu nilikuwa mimi. Nikakimbilia redio ya mawasiliano kuita gari kutoka Kitui. Kimya. Niliita tangu adhuhuri hadi sauti ikanikauka. Alasiri redio ikarudi, gari likafika jioni, tukamwokoa mama. Mtoto alikuwa ameshatutoka.

Sasa, Susu alikuwa amefua leso za mgonjwa, kama wafanyavyo wote wanaouguza hapa, akazianika kwenye waya ulio kati ya miti miwili. Kumbe ni waya wa redio, ule wa kunasia mawimbi. Nani aliwahi kumwambia?

"Ni huyu mama alifunga redio na nguo zake," mwenyekiti alisema, na wazee wakaitikia kwa vichwa.

Nikasimama. Nikawaambia fundi wa Kitui amenieleza kwamba saa zile redio za namna hii zilinyamaza hata kule kwao na Makueni, kwa sababu jua lilitoa mlipuko mkali ukavuruga anga ya juu inayoturudishia mawimbi. Tena yetu ilirudi yenyewe, leso zikiwa bado juu ya waya. Niliziona kwa macho yangu.

"Sista, jua si ni lile tu la kila siku?" mwenyekiti akauliza.

Wakacheka. Mtoto amezikwa juzi, na wao wanacheka!

Wanaorushwa angani kwa roketi huonywa jua likichafuka, wakajificha mahali salama ndani ya chombo. Sisi nani alituonya? Na kwa nini zahanati nzima haina gari? Hilo kamati haikuuliza. Ni rahisi zaidi kumkamata mama mzee.

Mwanawe hamsalimii tena. Nilimkuta Susu nyuma ya jiko, akaniuliza, "Sista, ni ukweli mimi niliua mtoto?" Nikamwambia hapana. Hakuniamini, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jumapili wanataka aitwe mbele ya kanisa atubu. Nitakaa naye benchi moja. Jina lake likitajwa, nitasimama mimi kwanza, na kama mwenyekiti lazima apate wa kutubu, basi atoke nje aliite jua.