Neno Nililomficha Mama

Nkoma, Jumanne

Mama amelala kitandani kwangu, na mimi nazunguka tu chumbani. 

Asubuhi alifunga duka lake la viatu kule Jinja, akaja ili nimpeleke hospitali kuchukua majibu ya ule uvimbe wa titi. Daktari alisema kwa Kiingereza kwamba ni kansa, afanyiwe upasuaji upesi. Kisha akanitazama, akingoja nimtafsirie Mama kwa Kichina, lugha yetu ya nyumbani.

Kichina changu ni cha jikoni. Nimekulia hapa, na jina la ugonjwa huo sikufundishwa. Lakini hata ningelijua... Nikamwambia Mama ni jipu tu, watalitoa. Akaitikia kwa kichwa, akamshukuru daktari.

Jioni, tukimenya ndizi za matoke, aliacha Kichina akaongea Kiswahili chake cha dukani.

"Mei, hiyo neno kansa mimi najua. Wateja wanasema kila siku."

"Kwa nini ulinyamaza, Mama?"

"Wewe ulikuwa unaogopa sana. Nikasema, wacha mtoto amalize kuongea."

Nikaanza kulia. Akaninyang'anya kisu, akamenya zilizobaki mwenyewe.