Kona ya Njia ya Al Wukair

Fereej Bin Mahmoud, Doha
Machi 2011

Mpwa wangu Mundhir,

Baada ya salamu, elewa unaandikiwa na mtu mkubwa. Hapa Doha gari haliingii wala halitoki kwenye jengo letu bila mkono wangu mimi, Makame. Matajiri hunipigia honi kwa heshima!

Huko mvua zimeanza? Hapa vumbi tu.

Mama yako kanipigia simu. Anasema mguu wako uliovunjika umeshaunga na unataka pikipiki tena. Alipokukataza ukamjibu, "Mbona mjomba anashindana mbio za magari kila Ijumaa na hajafa?" Kisha akaniambia, "Kaka Makame, Suweid, rafiki yake, alipakiwa nyuma ya pikipiki siku ile kona ilipomshinda mwanangu. Tumemzika, na huyu bado anakufuata wewe." Nikakata simu, nikashika kalamu.

Ile sidii ya katuni ya Kijapani, ya vijana wa mbio za magari, niliileta mimi. Nikakuandikia kwamba kona anayoikata yule kijana wa gari jekundu, nami huikata hivyo hivyo njia ya Al Wukair. Ukawasomea wenzako barua ile. Suweid naye alikuwepo, akisikiliza.

Mwanangu, kona ile niliiona kwenye katuni, kama wewe. Gari la kwenye ile picha niliyokutumia nililiegemea tu, mwenyewe akaja kunifukuza. Kazi yangu ni kuinua kizuizi cha getini. Kuendesha sijui. Mtihani wa leseni nimeanguka mara tatu, na mara zote ni pale pa kurudisha gari nyuma.

Mjomba wako,
Makame