Mkono wa Kusalimia

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Jogoo ninayemchora ukutani mwa hoteli bado hana macho. Nimefunga brashi kwenye kigutu kwa mpira wa tyubu kama kawaida, na kama kawaida umeteleza. Mkono wa kushoto unashikilia ngazi. Herufi naziweza. Jicho limenishinda. Mwenye hoteli anataka kazi iishe keshokutwa, la sivyo atafute mwingine. Kitengela imejaa wachoraji wenye mikono miwili.

Jumanne, 5 Agosti
Kajiado, kuchukua mkono wa bandia. Fundi Wekesa ameutengeneza vizuri, rangi ya ngozi yangu kabisa, hadi kucha. Vidole vimenyooka. Haushiki kitu. Nilikuwa nimemwomba nafasi ya brashi. Akasema Mama alimwambia ni wa kusalimia watu. Sikujua walikuwa wameongea. Nimekasirika.

Mama amefurahi. Jumamosi wakwe wa mdogo wangu Njeri wanakuja mara ya kwanza. Hataki niwape mkono wa kushoto.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeutoboa. Msumari wa moto, kati ya kidole gumba na cha pili. Plastiki imenuka nyumba nzima. Brashi ikakaa imara. Jogoo ana macho sasa, makali, anamkodolea kila mteja. Nilicheka peke yangu juu ya ngazi.

Jioni Mama akaona shimo, na rangi nyekundu mpaka kwenye kucha. "Sasa wageni nitawaambia nini, Wambui? Ati wewe mwenyewe ndio umeuharibu?" Nikatoka nje. Ningejibu, ningemkosea.

Ijumaa
Hatuongei. Nimesugua mkono kwa mafuta ya taa, rangi haitoki. Brashi iko dirishani, sijaiosha. Naona aibu. Tena nakasirika kwa kuona aibu.

Jumamosi
Kabla wageni hawajaingia, Mama alinipa chupa ya chai. Akasema nisiiweke chini. Nikaelewa. Mwenye chupa hasalimiwi kwa mkono, anaambiwa tu asante. Nilimimina chai mchana kutwa. Hakuna aliyeninyooshea mkono. Waliondoka wakicheka, na Mama akicheka nao. Iliniuma sana.

Jumapili
Tumetoka kanisani. Mkono wa bandia unaning'inia kwenye msumari ukutani. Mama alichukua brashi dirishani, imekauka kama kijiti. Nilidhani anaitupa. Akamimina mafuta ya taa kwenye kikopo, akaiosha polepole, akaipangusa kwa leso yake. Halafu akaiingiza kwenye lile shimo, akaisukuma mpaka ikakazika.

Hakuniangalia. Akaenda kuchemsha maziwa.