Ghorofa Lenye Kichwa cha Kabati

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, shikamoo yako imefika Mgori. Sisi wazima. Alizeti tumeshavuna, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza nani ana haki: wanaolisifu hilo ghorofa jipya lenye kichwa kama kabati, au nyinyi mnaosema limeharibu mtaa wa mabenki ya zamani.

Nilipokuwa msichana, wote tulikaa kwenye tembe, na juu ya paa la udongo tulianika mtama. Jirani yetu akaezeka bati, wa kwanza kijijini. Baba yangu alilichukia! "Linang'aa kama sufuria! Mtama utaanikwa wapi?"

Mwaka huohuo watu wa Kinyangiri walitaka kuja kuniposa. Baba akakutana na mshenga wao mnadani, nami nikamsikia akimwelekeza: "Fuateni lile bati linalong'aa. Sisi ni nyumba ya pili." Nilicheka hadi mama akanifinya.

Sikuambii ulipende. Lakini barua yako inasema nikija Dar nisihangaike: nitafute ghorofa lenye kichwa cha kabati, ofisi yako iko nyuma yake.

Basi linung'unikie tu, mume wangu. Mimi nikija nitalifuata.

Bibi yako