Shufwa Mimi, Witiri Mimi

Kaka Shee, uliye Maskati,

Salamu utazipata siku nyingine. Kwanza nijibu: unanificha nini?

Kura uliyotutumia ya kugawa nyumba ya marehemu Baba tumeipiga. Ni mimi na wewe tu, mmoja apate chumba cha orofani chenye upepo, mwingine abaki na cha chini kando ya birika la maji. Ukurasa umeutengeneza mwenyewe, unafunguka kwenye kivinjari cha simu, kitufe kimoja basi. Mama akasema bismillahi, akabonyeza. Likatoka jina langu. Niliruka! Nikamwambia shangazi Bi Rukia, "Bahati huwafuata wazuri wa sura."

Akanitazama weee. "Hebu lete hiyo simu." Akabonyeza mara tisa, na mara tisa ni mimi. "Hii si kura," akasema, "hii ni kasuku."

Mama akaniuliza polepole, "Mwanangu, umeichezea?"

Mimi! Mimi niliyechezewa na wewe utoto mzima! Unakumbuka zile kokwa za tende ndani ya kofia ya Baba, anayetoa yenye alama alale dirishani? "Fumba mato, kura haina ndugu," ulikuwa ukisema, kumbe kokwa umeshaikwaruza kwa kucha, waitafuta kwa kidole. Miaka mitatu nimechemka ukutani kabla sijakunasa. Nilipokunasa ulicheka hadi ukapaliwa, kisha ukaniachia dirisha wiki nzima bila kuombwa.

Basi nikaufungua ukurasa wako ndani, kule kwenye maandishi ya mashine. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kwa kompyuta, Mkomani nzima nionyeshe mwenzangu. Nilitarajia kukuta Math.random, ile bahati ya kuchezea, ambayo mjanja akijua ilikoanzia hujua na inakokwenda. Wapi! Umetumia crypto, inayookota nambari kwenye vurugu za ndani ya mashine, hata wewe fundi huwezi kuibashiri. Nikasema, alhamdulillahi, kaka ametubu.

Kisha nikasoma mstari wa chini yake. Nambari ikiwa shufwa, orofa yangu. Ikiwa witiri, orofa yangu.

Yaani nambari ni halali kabisa, ila jibu ulishalipika. Sasa mtu hujipunja kwa hila ili iweje? Zawadi? Wewe, uliyekuwa ukinihesabia hata kaimati? Hapana. Anayekitupa chumba chake kimyakimya hana nia ya kulala humo tena. Umeoa huko? Mwaka jana ulisema "Idi hii naja." Mwaka huu huitaji hata Idi yenyewe.

Mama sijamwambia. Vyumba vyote viwili anavifagia kila asubuhi. Alipouliza tena nikainamisha kichwa: "Ndiyo Mama, nimeichezea mimi." Tangu hapo Bi Rukia akinipita ukumbini huukumbatia mkoba wake.

Ule mstari nimeurekebisha, witiri ni wewe. Kitufe hakijaguswa. Njoo ukibonyeze mbele ya Mama, na ukipata orofa nitalishusha godoro langu mwenyewe, nikinuna kila ngazi. Kama huji, mpigie umwambie kwa kinywa chako. Uongo wako mmoja nimeubeba. Wa pili siubebi.

Mdogo wako,
anayekushuku na kushukiwa