Wembe Wako na Mate ya Shemeji

Mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha mkazamjomba? Sisi wazima, ila pacha wanaota meno, usingizi nausikia kwa majirani tu.

Mjomba, wiki hii nimeona kinyaa mpaka chakula hakishuki. Unajua kibanda cha kunyolea ulichoniachia nafanya kazi humo na shemeji, mdogo wake mume wangu. Jumanne nilitoka kunyonyesha nikamkuta ananoa ule wembe wako wa kukunja. Kopo la maji liko kando ya mkono wake. Yeye akalitemea jiwe la kunolea mate! Yakachanganyika na tope jeusi la chuma na ndevu za watu, akasugua, akaufuta wembe kwenye suruali, akamwendea mwalimu mstaafu aliyekaa kitini na povu lake.

Mwalimu aliruka. "Kijana, unaninyoa au unanimenya?"

Nikautazama wembe kwenye mwanga wa dirisha. Makali upande mmoja yamelika mapana kama ukucha, upande wa pili kama uzi. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameuharibu kwa mkono wake mzito, avue aproni aende.

"Shemeji, mkono wangu hauna kosa."

"Na mdomo je?"

Akaondoka. Siku tatu hakutokea, na mume wangu akawa ananisalimia kama mpangaji.

Nikakaa kuusawazisha. Kwanza nililisugua jiwe kwa brashi mara nne. Nikanoa upande mwembamba, nikanoa, chuma kinaisha, makali hayalingani. Mwishowe nikayapaka wino wa kalamu nene, nikapitisha jiweni mara moja. Wino ukafutika nchani na kisiginoni karibu na mpini, katikati ukabaki. Nilipougeuza wembe upande wa pili, katikati ndipo palipofutika. Mjomba, wembe umepinda, wala si mkono wa shemeji! Na umepinda tangu zamani, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukiuinamisha kidogo kidogo ukinoa, nami nikidhani ni madaha yako. Si ungeniambia?

Basi nikaacha kuhangaika na upana wa makali. Nikauinamisha kama wewe, mpaka pande mbili zikakutana. Sasa unakata unywele unaoning'inia.

Leo asubuhi nilikwenda kwa shemeji. Nilimwomba radhi kwa habari ya makali, mbele ya mkewe, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Kwa habari ya mate sikuomba radhi hata nusu. Nilimwambia atakayelitemea jiwe langu hatagusa shavu la mtu. Alinuna kidogo, kisha akauliza kesho afungue saa ngapi. Nikamwambia saa moja, na aje amenawa.

Msalimie sana mkazamjomba, na binamu yangu Kibonge. Pacha wanakupungia mikono iliyojaa uji. Mungu awalinde, awape afya na usingizi, huo wa kwangu pia muulale nyinyi.

Mpwa wako akupendaye,
Mama Pacha